Charles Rothschild

Nathaniel Charles Rothschild (9 Mei 1877 – 12 Oktoba 1923) alikuwa mwanabenki na mtaalamu wa wadudu kutoka Uingereza. Alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza nchini humo kutaka makazi ya wanyama na mimea yaorodheshwe na kulindwa yakiwa mazima, badala ya kulinda spishi mojamoja.

Maisha

Alizaliwa London, akasoma Harrow na Chuo Kikuu cha Cambridge, kisha akaingia katika benki ya familia. Wadudu walikuwa kazi yake ya jioni na likizo, lakini alieleza spishi mpya za viroboto zipatazo 500. Mmojawapo aliyepatikana Shendi, Sudan, alimpa jina la Xenopsylla cheopis mwaka 1903. Ndiye kiroboto wa panya anayeeneza tauni. (Twiga wa Rothschild wa Kenya na Uganda ana jina la kaka yake Walter, si lake.) Mwaka 1907 alimwoa Rozsika von Wertheimstein kutoka Hungaria. Binti yao Miriam naye alikuja kuwa bingwa wa viroboto.

Hifadhi

Vinamasi vya mashariki mwa Uingereza vilikuwa vimekaushwa kwa karne kadhaa ili kupata mashamba, na vilivyosalia vilikuwa vichache. Rothschild alianza kwa fedha zake mwenyewe: mwaka 1910 alinunua kinamasi cha Woodwalton. Hata hivyo tajiri mmoja hawezi kununua nchi nzima. Mei 1912 alianzisha chama cha kuendeleza hifadhi za asili, kilichokusanya taarifa kutoka kwa wajuzi wa kila mkoa. Kigezo kikuu hakikuwa uzuri wa mandhari bali viumbe waliomo.

Mwaka 1915 orodha ya maeneo 284, yakiwemo visiwa vya Farne na ziwa Neagh huko Ireland, ilifikishwa kwa Bodi ya Kilimo. Wakati ulikuwa mbaya: nchi ilikuwa vitani na ilihitaji ardhi ya chakula. Orodha haikuzaa sheria, na baadhi ya maeneo yaliharibiwa baadaye.

Rothschild mwenyewe alidhoofishwa na uvimbe wa ubongo, akajiua akiwa na umri wa miaka 46.

Sheria ilikuja mwaka 1949. Iliwezesha maeneo yenye umuhimu wa kisayansi kutangazwa rasmi. Uingereza pekee, bila Wales na Uskoti, leo inayo zaidi ya 4,000, Woodwalton ikiwemo. Lakini mwanzoni walioarifiwa ni mamlaka za mipango ya ardhi tu. Mkulima aliweza kulima eneo lake bila kumwuliza mtu, hadi sheria ya 1981 ilipomlazimu kutoa taarifa kwanza.