John Tomes, aliyetaka mng'oa meno asome kwanza

Ni nani kati yetu asiyejua maumivu ya jino usiku? Nyumba nzima imelala, na wewe peke yako umeshika shavu ukingoja kuche. Leo tunapenda kuwaeleza maisha ya mtu aliyekufa zamani, ambaye kazi yake ingali inawafaa wagonjwa wa namna hiyo. Jina lake ni John Tomes, daktari wa meno Mwingereza aliyeishi wakati wa Malkia Victoria.

Alizaliwa tarehe 21 Machi 1815 katika kijiji cha Weston-on-Avon. Mwaka wa 1831, akiwa na miaka 16, alipelekwa kwa mtengeneza dawa katika mji wa Evesham ili ajifunze kazi kwake. Mwaka wa 1836 akaenda London kusomea udaktari katika King's College na katika Hospitali ya Middlesex.

Ili tuelewe alichokifanya, tutazame kwanza hali ya siku zile. Uingereza haikuwa na shule ya meno hata moja, wala mtihani, wala sheria ya kazi hiyo. Aliyetaka kung'oa meno aling'oa tu: kinyozi, mhunzi, muuza dawa, au mtu yeyote mwenye mkono wa nguvu. Chombo chao kilifanana na ufunguo wa mlango, chenye ndoano mbele. Walilishika jino kwa ndoano, kisha wakazungusha. Mara nyingi jino lilivunjika na ufizi ukachanika, na wakati mwingine kipande cha taya kilitoka pamoja na jino. Kweli, walikuwako wachache waliojua kazi vizuri, lakini wengi wao waliuficha ujuzi wao, maana ndio uliowapa mkate. Tajiri aliwaendea hao. Maskini alimwendea yeyote aliyepatikana.

Tomes aliyaona hayo kwa macho yake alipokuwa daktari kijana katika Hospitali ya Middlesex, mwaka wa 1839 na 1840. Badala ya kulaumu tu, aliyachunguza meno yenyewe. Akaona kwamba kila aina ya jino ina shingo ya umbo lake, pale linapoingia katika ufizi. Basi akabuni makoleo ya aina mbalimbali, kila moja mdomo wake ukilingana na shingo ya jino lililokusudiwa. Fundi mmoja wa vyombo aitwaye Evrard akamtengenezea. Mwaka wa 1841 Tomes alieleza jambo hilo katika gazeti la madaktari, ili kila atakaye aige. Makoleo ya leo yangali yanafuata wazo lile.

Mwaka wa 1840 alianza kazi ya meno mwenyewe mjini London. Mchana alitibu watu, na saa nyingine alikaa na mikroskopu yake. Aliwahi kuwalisha makinda ya shomoro na mtoto wa nguruwe mzizi unaotoa rangi nyekundu, ili aone mfupa unavyokua. Katika sehemu ngumu ya ndani ya jino aligundua nyuzi nyembamba sana, ambazo mpaka leo madaktari huziita kwa jina lake. Kwa uchunguzi huo alipokelewa mwaka wa 1850 katika Royal Society, chama kikuu cha wanasayansi wa Uingereza.

Meno ya bandia nayo yalimshughulisha. Wakati ule yalichongwa kwa mkono, kwa pembe za tembo na meno ya kiboko, na kazi hiyo ilichukua muda mrefu. Mwaka wa 1845 Tomes alipata hati ya kumlinda mbunifu kwa mashine yake iliyochonga pembe kwa kufuata umbo la kinywa cha mgonjwa. Baada ya miaka michache ukaja mpira mgumu uliokuwa rahisi zaidi, na mashine ile ikasahaulika. Na usingizi wa etha ulipofika Uingereza kutoka Marekani, Tomes alikuwa kati ya watu wa kwanza kuutumia, mwaka wa 1847, katika hospitali yake.

Kufikia hapo angeweza kutulia. Alikuwa na jina na wagonjwa wengi. Lakini aliona kwamba mikono yake miwili haiwezi kutibu nchi nzima. Kwa hiyo alifundisha. Masomo aliyoyatoa hospitalini yalichapishwa kuwa kitabu mwaka wa 1848, na mwaka wa 1859 akatoa kitabu kikubwa cha upasuaji wa meno, ambacho wanafunzi walikitumia kwa miaka mingi.

Shida ilikuwa mtihani. Tomes alitaka chuo cha wapasuaji, Royal College of Surgeons, kiwapime waganga wa meno na kuwapa cheti. Alijaribu mwaka wa 1843, akakataliwa. Mwaka wa 1855 yeye na wenzake wakaomba tena, wakakataliwa tena. Kisha waganga wa meno wenyewe wakagawanyika. Wengine walisema tusiwe chini ya wapasuaji, tuwe na chuo chetu. Upande wa Tomes ulisema kazi ya meno ni tawi la udaktari, na mwenye kuifanya lazima aujue mwili wote. Kila upande ukaanzisha chama chake.

Wakati wa ugomvi huo, upande wa Tomes haukungoja. Mwaka wa 1858 hospitali ya meno ilifunguliwa Soho Square, mjini London. Maskini walitibiwa, na wanafunzi walijifunza papo hapo. Mwaka wa 1859 chuo cha wapasuaji kikapewa ruhusa ya kutoa cheti cha meno, na mwaka wa 1860 mitihani ya kwanza ikafanyika. Mwaka wa 1863 vyama vile viwili vikaungana.

Mwaka wa 1876 Tomes alistaafu, akahamia Caterham, nje ya London. Hata hivyo hakuacha kupigania sheria. Ilipitishwa mwaka wa 1878, na jina la kwanza katika orodha ya waganga wa meno likawa lake. Sheria ile ilikuwa na upungufu: waliokuwa wakifanya kazi hiyo tangu zamani waliandikwa hata bila masomo, na njia za kuizunguka zilibaki mpaka sheria mpya ya mwaka wa 1921. Lakini mlango wa kusoma ulikuwa umekwisha kufunguliwa.

Mwaka wa 1880 akawa rais wa kwanza wa chama cha waganga wa meno wa Uingereza, na mwaka wa 1886 Malkia akampa heshima ya kuitwa Sir. Alifariki tarehe 29 Julai 1895, akiwa na miaka 80. Mwanawe Charles aliendelea na kazi ileile.

Tunapoyatazama maisha haya, tunaona kwamba fundi hodari humsaidia anayemfikia, lakini anayewafundisha wengine humsaidia hata mgonjwa asiyemjua. Basi tujiulize: ujuzi tulio nao, wa shamba, wa dawa, wa cherehani au wa kitabu, tumemwachia nani?