Habari za Robert Wangila, Mpiga Ngumi

Mtume Paulo alipowaandikia Wakorintho waraka wake wa kwanza, katika sura ya tisa aliwataja wapigao mbio na wapiganao ngumi, kwa maana watu wa mji ule waliijua sana michezo hiyo. Vijana wetu wa Mkongo na Kibiti waijua pia. Waendao Dar es Salaam kutafuta kazi huona watu wakipigana ulingoni, na baadhi yao hutamani kuvaa glovu wenyewe. Kwa hiyo imefaa tuwaeleze maisha ya kijana mmoja wa nchi jirani ya Kenya, ambaye jina lake lilivuma katika Afrika Mashariki yote, naye alifariki mwaka wa 1994.

Robert Napunyi Wangila alizaliwa Nairobi tarehe 3 Septemba 1967. Siku zile Kenya ilikuwa na wapiga ngumi hodari. Philip Waruinge alipata nishani ya shaba katika michezo ya Olimpiki ya Mexico mwaka wa 1968, na ya fedha huko Munich mwaka wa 1972. Kisha akaenda Japani kupigana kwa malipo. Lakini mwaka wa 1976, na tena mwaka wa 1980, Kenya haikupeleka watu Olimpiki, kwa sababu ya mashauri ya siasa, na mabondia wengi wa wakati ule walizeeka bila kuonekana na ulimwengu. Wangila alipofikia nguvu zake, mlango ulikuwa umefunguliwa tena.

Mwaka wa 1987 michezo ya Afrika nzima ilifanywa Nairobi, naye akashinda nishani ya dhahabu mbele ya watu wa nyumbani. Mwaka uliofuata akasafiri mpaka Seoul, mji mkuu wa Korea ya Kusini. Alipigana katika uzani wa watu wasiozidi kilo 67. Hakuwa mtu mkubwa wa mwili, ila ngumi zake zilikuwa nzito mno. Akawashinda wote waliowekwa mbele yake, hata akafika siku ya mwisho, akakutana na Mfaransa jina lake Laurent Boudouani. Katika raundi ya pili akampiga, Mfaransa akaanguka, na shauri likaisha.

Basi Wangila akawa Mwafrika mweusi wa kwanza wa bara hili kupata dhahabu ya Olimpiki kwa ngumi. Tena katika Wakenya ndiye wa kwanza kuipata dhahabu hiyo kwa jambo lisilokuwa mbio. Kenya ilipata nishani tano za dhahabu mwaka ule: nne za wakimbiaji, na moja ya kijana huyu mwenye umri wa miaka 21.

Lakini dhahabu ile hailishi mtu. Wenye kuisimamia Olimpiki hawampi mshindi fedha. Humpa nishani tu, na siku zile mabondia wa kulipwa hawakukubaliwa kabisa kuingia. Mtu aliyetaka kula kwa ngumi zake ilimpasa kuiacha michezo ile na kwenda kwingine. Hatuwezi kumlaumu kijana kwa kutaka riziki kwa kazi aliyoiweza kuliko zote. Wangila akaenda Marekani, na mwaka wa 1989 akaanza kupigana kwa malipo.

Hapa yafaa msomaji aelewe ya kuwa michezo hii miwili, ijapokuwa yaitwa kwa jina moja, si kitu kimoja. Kule Seoul walipigana raundi tatu tu, nao walivaa kofia nene ya kukinga kichwa. Katika ngumi za kulipwa hakuna kofia, na raundi huweza kufika 10 au 12. Zamani mapigano ya ubingwa wa dunia yalifika raundi 15, mpaka Mkorea mmoja, Kim Duk-koo, alipokufa baada ya kupigana Las Vegas mwezi wa Novemba 1982. Ndipo wakuu wa mchezo walipoanza kuzipunguza.

Wangila alipigana kwa malipo mara 27, akashinda 22 na kushindwa mara 5. Si hesabu mbaya. Walakini taji la dunia, ambalo watu walilitazamia tangu Seoul, hakulipata. Kwa kazi hiyo, mtu asiye na taji hupigana kwa fedha chache, na kila anaposhindwa thamani yake hupungua.

Tarehe 22 Julai 1994, huko Las Vegas, alipambana na Mmarekani David Gonzalez. Akapigwa sana. Katika raundi ya tisa mwamuzi akayasimamisha mapigano, naye Wangila akanung'unika, kwa kuwa alijiona bado ana nguvu za kuendelea. Naona mwamuzi alitenda haki, kwa maana mwenye kupigwa hawezi kuwa hakimu wa kichwa chake mwenyewe. Ubongo hukaa ndani ya fuvu, na kichwa kikitikiswa kwa nguvu mara nyingi, mshipa mdogo huweza kukatika. Damu huvuja polepole na kukusanyika kati ya fuvu na ubongo, na kuukandamiza. Mtu husimama, husema, hukasirika, na mauti yamo ndani. Ni kama mto wetu Rufiji: mwenye mtumbwi huona maji yametulia, kumbe mamba yupo chini. Ndiyo sababu yule asimamaye kando hupewa amri ya kusema basi, hata kama mwenyewe akataa na watazamaji wapiga kelele.

Baada ya kutoka ulingoni Wangila akazimia. Akachukuliwa hospitali, waganga wakampasua kichwa ili kuiondoa damu, lakini haikufaa. Akafa tarehe 24 Julai, hajatimiza miaka 27. Wakenya waliokuwa wamemshangilia miaka sita nyuma walipata habari kwa majonzi makubwa.

Yule Boudouani, aliyeangushwa Seoul, naye aliingia katika ngumi za kulipwa. Mwaka wa 1996, Wangila akiwa amekufa miaka miwili, Mfaransa huyo akawa bingwa wa dunia, akaishika cheo hicho hata mwaka wa 1999.