Daktari Karl Meyer na Ute wa Jicho

Karl Meyer alizaliwa mwaka 1899 huko Kerpen, Ujerumani. Alisomea udaktari Cologne, kisha kemia Berlin. Mwaka 1930 alikwenda Marekani kufanya kazi. Hakurudi kukaa kwao, kwani mwaka 1933 Hitler alishika utawala, na wataalamu wa Kiyahudi, kama alivyokuwa yeye, wakafukuzwa vyuoni.

Mjini New York, katika Chuo Kikuu cha Columbia, alipata kazi katika idara ya maradhi ya macho. Yeye na mwenzake John Palmer walichukua macho ya ng'ombe wakachunguza ute mwangavu uliojaa ndani yake. Waliopata kupasua jicho la ng'ombe darasani wanaujua ute huo: huteleza vidoleni, nasi huufuta upesi kwa kinyaa. Meyer hakuufuta. Mwaka 1934 walitangaza kwamba wameona ndani yake kitu kisichojulikana bado, mnyororo mrefu mno wa sukari, wakakiita asidi ya hayaluroniki, kwa neno la Kiyunani lenye maana ya kioo.

Ilimchukua miaka 20 hivi kujua jinsi mnyororo huo ulivyoungana. Kazi yake ni kushika maji mengi. Ndiyo maana magoti yetu hayasagani ovyo. Mtu wa kilo 70 anayo gramu 15 hivi tu, na theluthi yake huvunjwa na kuundwa upya kila siku.

Meyer alifariki mwaka 1990. Wakati huo madaktari walikwisha kuanza kuitia asidi ile machoni mwa wagonjwa wanapopasuliwa mtoto wa jicho.