Haile Selassie na saa yake ya dhahabu

Hapa Majengo, mutu akipita na saa ya dhahabu mukononi, watu wanaiangalia kwanza, kisha njo wanauliza kama ni ya kweli. Leo tuongelee saa moja ya kweli, na mwenyewe: Haile Selassie, mufalme wa Ethiopia.

Alizaliwa tarehe 23 Julai 1892 karibu na Harar, akaitwa Tafari Makonnen. Alivikwa taji tarehe 2 Novemba 1930. Mwaka wa 1936 Waitalia wa Mussolini wakakamata Addis Ababa. Tarehe 30 Juni ya ule mwaka alisimama Geneva, mbele ya SDN, akaomba inchi yake isaidiwe. Waandishi wa Italia wakamupigia filimbi, na musaada haukukuja. Akaishi ukimbizini Uingereza, na kisha akarudi Addis Ababa tarehe 5 Mei 1941.

Mwaka wa 1954 alirudi Uswisi, safari hii kama mugeni wa heshima. Saa za kule alizipenda, na zingine alikuwa akizitoa zawadi. Yenye inajulikana zaidi ni Patek Philippe ya dhahabu, aina ya 2497, ya miaka ya 1950. Inaonyesha siku, tarehe na mwezi, na inajua yenyewe mwaka wenye Februari ya siku 29. Ukiitia ufunguo bila kuiacha isimame, tarehe yake hairekebishwi mpaka 2100.

Lakini ile kalenda ni ya Ulaya. Kwao Ethiopia miezi ni 13, na mwaka uko nyuma kwa 7 ao 8. Masaa yao wanayahesabu sawa sisi: saa moja ni kisha jua kutoka.

Wazee wetu walimujua kwa njia ingine. Mwaka wa 1960 askari wa Ethiopia walikuja Kongo pamoja na ONU, na mwaka wa 1963 OUA ilizaliwa kwake Addis Ababa.

Nyumbani mambo yakaharibika. Mwaka wa 1973 njaa iliua watu wengi Wollo, na serikali yake ikaificha. Tarehe 12 Septemba 1974 askari walimutoa katika jumba lake, wakamupakiza ndani ya Volkswagen. Alikufa kizuizini tarehe 27 Agosti 1975. Alizikwa kwa heshima mwaka wa 2000 tu.

Ile saa ikauzwa mnadani mwaka wa 2017, karibu milioni 3 za faranga za Uswisi. Iliuzwa Geneva, mji ule ule alikoombea musaada akaukosa.

Saa za aina ya 2497 ziko zingine. Wanunuzi walilipa pia juu ya mukono wenye uliivaa. Basi, kama uko na saa ya marehemu baba kwenye sanduku, hata imesimama, usiiuze haraka. Andika kwanza jina lake, na mwaka aliinunua.