Ronald Ngala na swali la nani amwamuru polisi

JINA la marehemu Ronald Gideon Ngala likitajwa siku hizi, wengi hukumbuka neno moja tu: majimbo. Na majimbo yakitajwa, wengi hufikiria ardhi, nani akae wapi na nani ahame. Lakini katika mikutano ya London ambako katiba ya uhuru wa Kenya iliandikwa, mwanasiasa huyo wa Pwani alishikilia suala jingine kwa nguvu ile ile. Suala hilo lilikuwa ni nani atakayewaamrisha polisi Mwingereza akishafunga virago.

Wakazi wa Meru na Embu wana sababu yao ya kuifahamu habari hii. Jimbo la Mashariki, ambalo baadaye liliitwa Mkoa wa Mashariki na ambalo makao yake makuu yalikuwa mjini Embu, lilizaliwa kutokana na mapatano hayo ya London. Kabla ya hapo wilaya hizo mbili zilikuwa sehemu ya Mkoa wa Kati. Tume ya mipaka ya mwaka 1962 ndiyo iliyoziondoa huko na kuziweka pamoja na Machakos, Kitui, Isiolo na Marsabit, huku Ndia na Gichugu zikikatwa kutoka Embu na kubaki upande wa Kati kama wilaya ya Kirinyaga.

Ngala alizaliwa mwanzoni mwa miaka ya 1920 katika eneo la Kaloleni, Kilifi, katika jamii ya Wagiriama. Alisoma Shule ya Upili ya Alliance, kisha Chuo Kikuu cha Makerere nchini Uganda, akarejea nyumbani kuwa mwalimu. Alikuwa mtu mtulivu wa mazungumzo, mwenye hulka ya ualimu hata baada ya kuacha chaki, na pengine ndiyo maana wapinzani wake walimdharau mapema kuliko walivyopaswa.

Mnamo Machi 1957 alichaguliwa kuingia Baraza la Kutunga Sheria, akiwa mmoja wa Waafrika wanane wa kwanza kupigiwa kura. Wenzake walikuwa Tom Mboya, Oginga Odinga, Daniel arap Moi, Masinde Muliro, Lawrence Oguda, James Muimi na Bernard Mate. Huyo wa mwisho ndiye anayetuhusu hapa. Mate, aliyetoka Meru, alimshinda Eliud Mathu, Mwafrika wa kwanza kuketi katika baraza hilo, na ushindi wake ulikuwa na siri iliyojulikana na kila mtu.

Hali ya hatari ilikuwa bado haijaondolewa. Mkikuyu, Mwembu au Mmeru hakuruhusiwa kupiga kura bila cheti cha uaminifu, na cheti hicho kilitolewa na maafisa wa utawala waliompima mtu kwa msimamo wake katika vita vya Mau Mau. Wakikuyu wengi walikosa. Wameru wengi walipata. Kwa hiyo wale wale walioendesha misako, walioongoza askari wa nyumbani na waliowapeleka watu katika kambi za Mwea, ambazo wakati huo zilikuwa ndani ya wilaya ya Embu, ndio walioamua nani awe mpiga kura. Katika vijiji vya Meru na Embu hapakuwa na mpaka kati ya siasa na usalama. Mkuu wa wilaya alikuwa mtawala, na askari kanga walikuwa mikono yake.

Ngala aliingia katika siasa ya kitaifa kupitia mlango huo huo. Mnamo Januari 1960 alikuwa kiongozi wa ujumbe wa wabunge Waafrika katika mkutano wa kwanza wa Lancaster House, Mboya akiwa katibu wake. Miezi michache baadaye umoja huo ulivunjika. KANU ikaundwa, ikifuatwa zaidi na Wakikuyu na Wajaluo, nao viongozi wa jamii ndogo wakaanzisha KADU mwezi Juni. Ngala akawa rais wa chama, Muliro naibu wake, na Moi mwenyekiti.

Katika uchaguzi wa 1961, KANU ilipata viti 19 dhidi ya 11 vya KADU, lakini ikakataa kuunda serikali kabla ya Jomo Kenyatta kuachiliwa. Ngala akakubali. Kwa msaada wa chama cha Michael Blundell cha New Kenya Party, aliongoza serikali ambayo wengi waliiona kuwa ya Gavana kuliko ya Waafrika. Lawama hiyo ilimfuata hadi kaburini. Kwa haki yake, ni wakati wa serikali hiyo, Agosti 1961, Kenyatta alipoachiliwa huru.

Mwaka uliofuata ndipo Kenya ilipoonja serikali ya muungano kwa mara ya kwanza. Baada ya mkutano wa pili wa Lancaster House, Aprili 1962, KANU na KADU zililazimishwa kuketi katika baraza moja la mawaziri. Kenyatta na Ngala wote wawili walipewa cheo cha Waziri wa Nchi anayehusika na katiba. Mmoja aliongezewa mipango ya uchumi, mwingine utawala. Mawaziri waligawana magari na ofisi, lakini usalama wa ndani ulibaki mikononi mwa Gavana na maafisa wake.

Huo ndio uliokuwa udhaifu wa muungano ule. Kila upande ulikuwa serikalini, na hakuna upande uliowajibika kwa risasi iliyofyatuliwa. Ni hali iliyorudi miaka 46 baadaye, katika muungano wa PNU na ODM ulioundwa kufuatia mapatano ya Februari 28, 2008. Tume ya Jaji Philip Waki ilieleza kwamba kati ya watu 1,133 waliouawa katika ghasia za baada ya uchaguzi, 405 walikufa kwa risasi. Wizara ya usalama ilikuwa upande wa PNU, na baadhi ya viongozi wa ODM waliwashutumu polisi hadharani kana kwamba wao hawakuwa wakiketi katika baraza lile lile la mawaziri.

Ngala, tofauti na hao, alijaribu kulimaliza suala hilo kwa karatasi. Katiba iliyoanza kutumika mwaka 1963 iliweka kikosi kimoja cha polisi chini ya Inspekta Jenerali, lakini kila jimbo lilikuwa na sehemu yake ya kikosi na kamishna wake, na majimbo yakapewa sauti katika masuala ya usalama. Hoja ya KADU ilikuwa nyepesi kueleweka: chama kitakachoshinda Nairobi kisiweze kutuma askari Kilifi au Eldoret kuwakomoa waliokinyima kura.

Dosari ya hoja hiyo nayo ilionekana mapema. Askari anayeamrishwa na mwanasiasa wa jimbo si huru kuliko anayeamrishwa na mwanasiasa wa Nairobi, na kwa mgeni aliyeishi katika jimbo la wengine, kubadilisha bwana hakukuwa faraja yoyote. KADU haikuwahi kulijibu hilo vizuri. Ilichotaka ni kuyagawa mamlaka juu ya polisi. Kuyatoa kabisa katika mikono ya wanasiasa lilikuwa wazo ambalo hakuna chama kilicholipeleka London kwa dhati.

Uchaguzi wa Mei 1963 uliipa KANU ushindi mkubwa. KADU ilibaki na majimbo ya Bonde la Ufa, Magharibi na Pwani, ambako Ngala alikuwa rais wa bunge la jimbo. Huko Mashariki, tegemeo lake lilikuwa mshirika mmoja, Paul Ngei, ambaye chama chake cha APP kilikuwa na nguvu Ukambani. Mwezi Septemba Ngei akarudi KANU, wakati ambapo wajumbe walikuwa wakijiandaa kwenda London kwa mkutano wa mwisho.

Jimbo hilo la Mashariki lilikuwa limekwisha kuipa serikali ya Kenyatta hoja nzito. Mwishoni mwa Juni 1963, mkuu wa wilaya ya Isiolo, Daudi Dabasso Wabera, aliuawa kwa risasi pamoja na Chifu Haji Galma Diida, wakati kaskazini mwa nchi kulipokuwa na vuguvugu la kujitenga na kujiunga na Somalia. Isiolo ipo mlangoni mwa Meru. Ilikuwa vigumu kumshawishi mtu kwamba tishio la aina hiyo lingekabiliwa na vikosi saba vyenye mabwana saba.

Mkutano wa London ulianza Septemba 25 na kumalizika Oktoba 19, 1963. KANU ilidai polisi na utumishi wa umma virejeshwe chini ya serikali kuu. KADU ilitishia kuigawa nchi. Waziri wa Makoloni, Duncan Sandys, aliupima uzito wa pande mbili na kuiegemea KANU. Ngala alirejea nyumbani akiwa na majimbo yaliyokuwa na mabunge, bendera na marais, lakini yaliyonyang'anywa kile alichokiona kuwa kinga yao.

Baada ya uhuru, serikali kuu iliyabana majimbo kwa kuyanyima fedha na watumishi. Wabunge wa KADU wakaanza kuhama mmoja mmoja. Mnamo Novemba 10, 1964, Ngala alisimama Bungeni, akatangaza kuvunjwa kwa chama chake na kuvuka upande wa pili. Mwezi uliofuata Kenya ikawa jamhuri. Moi akapewa Wizara ya Mambo ya Ndani, naye Bernard Hinga akachukua uongozi wa polisi kutoka kwa Mwingereza, Richard Catling. Marekebisho ya katiba yaliyofuata yalifuta mabaki ya majimbo, na kutoka Embu mkuu wa mkoa akawa jicho la Rais katika eneo lililoenea hadi Moyale.

Uamuzi wa Ngala ulisifiwa kuwa wa kizalendo, na huenda uliepusha umwagaji damu. Lakini matokeo yake ya kwanza yalionekana Meru, si Pwani.

Katika misitu ya Mlima Kenya upande wa Meru, walibaki wapiganaji wa Mau Mau waliotoka kusherehekea uhuru wakiongozwa na Musa Mwariama na Baimungi M'Marete. Baadhi yao, Baimungi akiwemo, walirudi msituni walipoona kwamba ardhi waliyoipigania haikuwa ikigawiwa bure. Waziri wa Ardhi alikuwa Jackson Angaine, mwana wa Meru na mfungwa wa zamani wa hali ya hatari, kwa hivyo mgogoro huo ulikuwa wa kisiasa na wa nyumbani. Ulimalizwa kwa bunduki. Mapema mwaka 1965 Baimungi aliuawa na vikosi vya usalama vya serikali huru. Wakati huo Bunge halikuwa na upinzani rasmi wa kuuliza nani alitoa amri, kwani kiongozi wa upinzani alikuwa amehamia KANU wiki chache tu kabla.

Mnamo Mei 1966, baada ya Odinga kujiuzulu na kuunda KPU, Ngala aliteuliwa Waziri wa Vyama vya Ushirika na Huduma za Jamii. Mwezi uliofuata Bunge lilipitisha marekebisho yaliyoiruhusu serikali kumzuilia mtu bila kumfikisha kortini wakati wa amani. Sheria hiyo ilifufua zana ambazo watu wa Meru na Embu walizifahamu tangu 1952. Mwaka 1968, karatasi za wagombea wa KPU katika uchaguzi wa mabaraza zilikataliwa na maafisa wa utawala nchini kote. Oktoba 1969 watu waliuawa kwa risasi mjini Kisumu wakati wa ziara ya Rais Kenyatta, na siku chache baadaye KPU ikapigwa marufuku na Odinga akawekwa kizuizini.

Ngala alibaki katika baraza la mawaziri. Mtu aliyeonya kwamba polisi wa serikali kuu watatumiwa dhidi ya upinzani aliyashuhudia hayo akiwa ndani ya serikali, na hakujiuzulu. Inaweza kusemwa kwamba alikuwa na wapiga kura wa Pwani wa kuwahudumia, na kwamba waziri aliye ndani huokoa zaidi kuliko mbunge aliye nje. Hoja hiyo ingekuwa na nguvu zaidi kama ingejulikana ni nani aliyeokolewa.

Desemba 12, 1972, siku ya Jamhuri, Ngala alijeruhiwa vibaya katika ajali ya gari karibu na Konza, kwenye barabara ya Mombasa kwenda Nairobi. Alifariki siku ya Krismasi, akiwa na umri wa takribani miaka 50. Ilielezwa kwamba nyuki waliingia ndani ya gari na dereva akashindwa kulidhibiti. Maelezo hayo huenda ni ya kweli. Hata hivyo, Pwani wengi hawakuyaamini, na hadi leo wapo wasioyaamini, kwa kuwa waliochunguza kifo hicho ni polisi wa serikali ile ile. Wachunguzi wengine hawakuwepo.

Miaka miwili na ushei baadaye, Machi 1975, mbunge wa Nyandarua Kaskazini, J.M. Kariuki, aliuawa baada ya kuonekana mara ya mwisho akiwa na maafisa wa polisi. Kamati ya Bunge iliyoongozwa na Elijah Mwangale ilitoa ripoti iliyowanyooshea kidole wakuu wa usalama, na mwezi Juni serikali ikawataka mawaziri wake waikatae. Masinde Muliro, aliyekuwa naibu wa Ngala katika KADU na aliyeketi naye London, alikuwa wakati huo Waziri wa Ujenzi. Alipiga kura ya kuiunga mkono ripoti hiyo, pamoja na mawaziri wasaidizi John Keen na Peter Kibisu. Wote watatu walifutwa kazi.