James Henry Pullen: kijana ambaye kusema kulimshinda, mikono yake ikajenga meli

Mtoto amefikisha miaka saba, na neno moja tu njo linatoka kinywani mwake: mama. Hata ile neno moja haisikike vizuri. Watoto wa jirani wanacheza, yeye anakaa pembeni. Wazazi wanamuita, hageuki. Wakati ule kule London, watu wengi walikuwa na jibu moja kwa mtoto wa namna hiyo: huyu hana akili, hakuna kitu atafanya duniani.

Huyo mtoto aliitwa James Henry Pullen. Alizaliwa mwaka wa 1835 katika mtaa wa Dalston, jijini London, Uingereza. Alipokufa mwaka wa 1916, watu wa nyumba ya kifalme walikuwa wamekwisha pokea picha alizochora, na meli ndogo alizojenga kwa mikono zilikuwa zimeonyeshwa mbele ya watu hata Paris. Na mwanzo wa hayo yote haukuwa pesa. Mwanzo ulikuwa kipande cha kuni.

Maji ya mvua na vipande vya kuni

Pullen alikuwa bado mdogo alipoona watoto wenzake wanaelesha mashua za kuchezea kwenye vidimbwi vya maji. Hakuweza kuwauliza wamezitengeneza namna gani. Hakuweza pia kuomba wamwachie ajaribu. Alisimama, akaangalia. Kisha akarudi nyumbani, akachukua kuni za kuwashia moto, akaanza kuchonga.

Tangu siku zile hakuacha tena. Alichonga meli ndogo, alizichora pia kwenye karatasi. Mtu angeweza kusema ni mchezo wa mtoto tu, au kwamba ni tabia ya ajabu: kila siku meli, meli, meli. Lakini kwa mtoto ambaye masikio na ulimi havikumsaidia, ile meli ndogo ilikuwa njia ya kushika dunia na kuielewa. Kitu kikubwa kilichomzidi nguvu, alikifanya kidogo, kikaenea mkononi, akakigeuza huku na huku mpaka akakijua.

Ndugu yake William naye alikuwa na shida kama zake, na yeye pia alikuwa na mkono mzuri wa kuchora. Wazazi walikuwa na watoto wawili ambao shule ya kawaida haikuwa na fasi yao.

Neno ambalo halikuwepo bado

Madaktari wa wakati ule walimwita Pullen kiziwi, bubu na mpungufu wa akili, yote pamoja. Leo watu wanaosoma habari za maisha yake hawakubaliane wote. Wengine wanasema shida kubwa ilikuwa masikio. Wengine wanaona ndani yake alama za usonji, ile hali ambayo madaktari wetu wanaiita kwa Kifaransa autisme: kusema kwa shida, kujitenga na wengine, kushikilia kitu kimoja kwa nguvu zote, na hasira kali mambo yakibadilishwa bila yeye kupenda.

Hakuna mtu angeweza kumpima. Daktari Leo Kanner, kule Marekani, aliandika juu ya watoto 11 wenye hali hiyo mwaka wa 1943, na kazi yake njo ilifungua mlango wa madaktari kuitambua. Pullen alikuwa kaburini tangu miaka 27. Aliishi maisha yake yote chini ya majina mabaya, juu jina la kweli lilikuwa bado kupatikana.

Nyumba ya Earlswood

Akiwa kijana, Pullen alipelekwa kwanza Essex Hall, katika mji wa Colchester. Kiisha akapelekwa Earlswood, nyumba kubwa ya kulea watu wenye upungufu wa akili, upande wa kusini wa London, karibu na mji wa Redhill. Ilifunguliwa mwaka wa 1855. Wakati ule ilikuwa kitu kipya. Kabla ya hapo, watu wengi wa namna hii walifichwa nyumbani, ao walichanganywa na wagonjwa wa akili na maskini wasio na mtu wa kuwatunza.

Earlswood walikuwa na wazo moja: kila mtu afundishwe kazi ya mikono, ili ajisaidie na asaidie nyumba. Kusoma na kuandika kulimshinda Pullen. Hakuvuka maneno mafupi kabisa. Aliongea kwa alama za mikono na kwa kuangalia midomo ya watu. Lakini walipompeleka kwenye atelie ya mbao, shida ilikwisha. Pale hakuna aliyemtaka aseme. Walimpa mbao na vyombo vya kazi, wakamwachia wakati.

Kijana akageuka fundi wa kweli. Alitengeneza vitanda na vyombo vingine ambavyo nyumba ilikuwa inahitaji. Chombo cha kazi kikikosekana, hakusubiri kinunuliwe, alikitengeneza mwenyewe. Mchana alikuwa kwenye mbao, usiku alikaa kwenye njia za ndani za ile nyumba, kwa mwangaza mdogo, akachora. Picha nyingi aligawia marafiki. Nyingine alizitilia fremu na kuzitundika ukutani.

Mwaka wa 1858 alifika daktari mpya wa kuongoza Earlswood, John Langdon Down. Ni yule yule ambaye jina lake limebaki kwenye hali tunayoijua kama sindromu ya Down, aliyoielezea mwaka wa 1866. Kati ya mamia ya watu waliokuwa pale, alimuona Pullen. Aliona kwamba mtu anaweza kushindwa kabisa kwa jambo moja, na kwa jambo lingine akapita watu wote wanaomzunguka. Nyuma ya muda Pullen alipewa atelie yake mwenyewe.

Kazi inafika kwa wafalme

Vita vya Crimea vilipokuwa vinaendelea, magazeti ya Uingereza yalijaa habari za mji wa Sebastopol uliozungukwa na majeshi. Pullen alichora ile vita kwa kufuata yaliyotoka kwenye magazeti, na mchoro ukamfikia Prince Albert, mume wa malkia Victoria. Malkia naye alipokea michoro yake. Mtoto wao, ambaye baadaye alikuwa mfalme Edward wa 7, alimtumia pembe za tembo ili apate kitu kizuri cha kuchonga.

Mwaka wa 1867, meli moja ya Pullen ilionyeshwa Paris, kwenye maonyesho makubwa ya mataifa. Yule mtoto wa vidimbwi, mwenye kuhesabiwa kama mtu bure, kazi yake ilikuwa inatazamwa na watu kutoka pande zote za dunia.

Miaka 7 kwa meli moja

Lakini kazi yake kubwa ilikuwa bado kuja. Wakati ule Waingereza walikuwa wamejenga meli ya chuma iliyoitwa Great Eastern, kazi ya injinia Isambard Kingdom Brunel. Iliingizwa majini mwaka wa 1858, ikiwa na urefu wa metre 211. Duniani hapakuwa na meli ingine ya kuikaribia kwa ukubwa.

Pullen alianza kuijenga kwa udogo mwaka wa 1870, akiwa na miaka 35. Alimaliza mwaka wa 1877. Miaka 7 mizima kwa meli ya metre karibu 3! Aliipanga yeye mwenyewe, akatengeneza kila sehemu yake. Riveti za kushika mwili wa meli zilikuwa 5,585. Pembeni kulikuwa mashua 13 za kuokoa watu, zikitundikwa kama kwenye meli ya kweli. Ndani, vyumba vilikuwa na viti, meza na vitanda, vyote vidogo sana. Na ili mtu aone ile kazi ya ndani, sakafu ya juu yote iliweza kunyanyuliwa.

Siku ya kuiweka kwenye maji, meli ilizama. Pullen alikuwa amefikiria kila kitu, isipokuwa namna ile uzito wote utaelea. Mtu mwingine angeivunja kwa hasira, na Pullen alikuwa mtu wa hasira. Safari hii hapana. Aliitoa, akaangalia kosa, akarekebisha. Mwaka wa 1883 ile meli ilionyeshwa London, kwenye maonyesho ya mambo ya uvuvi, na watu wakashangaa sana.

Mwaka wa 1878, meli ikiisha kumalizika, Pullen alifanya jambo lingine. Mtu huyu ambaye hakuweza kuandika habari za maisha yake alizichora: picha ndogo ndogo, moja nyuma ya ingine, tangu utoto wake. Kumbe alikuwa na mengi ya kusema. Alikosa tu mlango wa kuyapitishia, na mlango akaupata kwenye penseli na kisu.

Upande mwingine wa hadisi

Si vizuri kumtengeneza Pullen kuwa malaika. Alikuwa mgumu. Hakupenda mashauri ya mtu, alitaka mambo yaende namna yake. Siku moja alikasirika mpaka akavunja vitu vyake ndani ya atelie. Kulikuwa mtumishi mmoja ambaye hakumpenda. Pullen alimtegea chuma juu ya mlango, kimuangukie akipita. Kilianguka kwa kuchelewa kidogo, mtumishi akapona. Alijenga pia sanamu kubwa ya mtu katikati ya atelie. Alikuwa anaingia ndani yake, anachezesha mikono na miguu yake, na anatoa sauti kupitia tarumbeta iliyofichwa kinywani. Mtu ambaye sauti yake haikusikika alikuwa amejitengenezea mwili mkubwa wenye sauti kubwa.

Kuna pia jambo la huzuni. Pullen alipenda mwanamke mmoja na akashikilia ile mawazo. Wakubwa wa Earlswood hawakukaa naye kumueleza kama mtu mzima. Walimtafutia nguo nzuri ya admirali wa majini na cheo cha uongo, kusudi asahau. Alifurahia ile nguo, akaivaa siku za sherehe. Ndoa haikuzungumziwa tena.

Hapo njo uzito wa maisha yake unaonekana. Earlswood ilimpa mbao, vyombo, fasi na wakati. Bila hivyo, pengine tusingejua jina lake. Lakini ile ile Earlswood ilimshika zaidi ya miaka 60, mpaka kifo. Waliheshimu mikono yake. Moyo wake waliupumbaza kwa nguo. Alijenga meli kubwa kuliko zote kwa udogo, na yeye mwenyewe hakusafiri.

Alichokiacha

Nyuma ya kifo chake, atelie yake iligeuka nyumba ya kumbukumbu pale pale Earlswood. Ile nyumba ya kulea ilifungwa mwaka wa 1997. Leo kazi za Pullen zinaonekana katika jumba linalobeba jina la Langdon Down, upande wa Teddington, London. Watu wanasimama mbele ya Great Eastern yake na kujaribu kuhesabu riveti.

Wazazi wengi wa hapa kwetu wana kijana nyumbani ambaye hasemi sana, hapendi makelele, anashinda siku mzima akipanga vifuniko vya chupa ao akikunja waya kutengeneza gari. Mara nyingi vile vitu vinatupwa, kijana anagombezwa, na mbele ya wageni anafichwa. Maisha ya Pullen yanaonyesha njia ingine, na haiombe pesa mingi. Kipande cha mbao, waya, makopo, karatasi ya boksi, gundi kidogo. Kona moja ya nyumba ambayo wadogo zake hawatavuruga. Kitu kimoja kwanza, kile anachokipenda yeye, si kile mzazi anachopenda. Kisu na vyombo vikali apewe polepole, mtu mkubwa akiwa karibu. Na kazi ikiharibika, apewe muda wa kuangalia kosa mwenyewe.

Kisha kuna jambo lile Earlswood walisahau. Kijana mwenye mikono mizuri hataki kusifiwa kazi tu. Anataka pia kuketi na wengine, kupendwa, kuulizwa anataka nini, na kujibiwa ukweli. Anayejua kukunja waya ikawa gari ana haki ya kuona barabara.