Elie Metchnikoff na Bakteria wa Tumboni

Wilayani Bariadi na kwingineko katika Mkoa wa Simiyu, wafugaji wa ng'ombe hugandisha maziwa katika vibuyu. Maziwa hayo huchachuka kwa sababu bakteria fulani hugeuza sukari iliyomo ndani yake kuwa asidi. Mmoja wa wanasayansi wa kwanza kufundisha kuwa bakteria wa namna hiyo waweza kuisaidia afya ya mtu ni Elie Metchnikoff.

Metchnikoff alizaliwa mwaka 1845 karibu na mji wa Kharkiv, katika nchi ambayo leo ni Ukraine. Tangu utoto alipenda kuchunguza viumbe hai. Mwaka 1873 mke wake alifariki kwa kifua kikuu, ugonjwa ambao wakati ule haukuwa na dawa ya kuuponya.

Mwaka 1882, akiwa Messina nchini Italia, alichoma miiba midogo katika lava wa kiti cha pweza. Mwili wa lava huyo huonyesha ndani kama kioo. Kesho yake Metchnikoff alitazama kwa hadubini, akaona chembe hai zimeizunguka miiba. Ndipo alipotambua kuwa mwili una askari wake, yaani chembe zinazomeza vijidudu vya maradhi. Katika damu yetu kazi hiyo hufanywa na chembe nyeupe.

Mwaka 1888 alihamia Paris, Ufaransa, akafanya kazi katika Taasisi ya Pasteur. Mwaka 1892 alikunywa kwa makusudi bakteria wa kipindupindu, wala hakuugua. Mtu mwingine aliyejitolea kufanya hivyo aliugua sana, nusura afe. Jaribio hilo lilikuwa la hatari kubwa, na mtu yeyote asiliige. Metchnikoff alidhani kuwa baadhi ya bakteria waishio utumboni huwazuia wale wa kipindupindu, na wengine huwasaidia.

Baadaye alisikia kwamba huko Bulgaria wapo wakulima wengi wenye umri mrefu ambao hutumia sana maziwa ya mgando. Naye akaanza kuyanywa kila siku. Mwaka 1908 alipewa Tuzo ya Nobel ya Tiba, pamoja na Paul Ehrlich, kwa uchunguzi wao juu ya kinga ya mwili. Alifariki Paris mwaka 1916, akiwa na umri wa miaka 71.

Si mawazo yake yote yaliyokuwa sahihi. Aliamini kuwa utumbo mpana hauna faida. Leo twajua kuwa humo huishi bakteria wengi walio rafiki. Huvunjavunja nyuzinyuzi za chakula, hutengeneza vitamini K, na huwanyima bakteria wa maradhi nafasi na chakula. Dawa za kuua bakteria huwaua hata hao rafiki, na mtu aweza kuharisha. Kwa hiyo tuzitumie kwa maagizo ya mganga tu.

Maziwa mabichi nayo yaweza kuwa na vijidudu vya kifua kikuu. Yachemshe kwanza, yaache yawe vuguvugu, kisha changanya kijiko cha mtindi uliotokana na maziwa yaliyochemshwa. Funika chombo safi, na bakteria rafiki watafanya kazi yao.

Maswali
1. Chembe nyeupe za damu zina kazi gani?
2. Taja faida tatu za bakteria rafiki.
3. Kwa nini tuchemshe maziwa kabla ya kuyagandisha?